Kuchagua Mahali pa Maficho ya Kulungu Katika Ardhi ya Kuwindia



Leo nataka kuwaeleza jambo ambalo mtu akilisikia mara ya kwanza huliona kama mzaha. Mtu ana ardhi yake, naye apenda kuwinda. Walakini achukua sehemu njema ya ardhi ile, aitia alama za mpaka, kisha ajikataza mwenyewe kuingia ndani majira yote ya kuwinda. Hapigi bunduki humo, hapiti humo, wala hamruhusu mgeni wake kupita. Jirani akimwuliza sababu, hujibu: "Nataka kupata nyama mwaka huu na mwaka ujao." Jibu hilo ni la akili, na leo tutaona kwa nini. Tutaona pia kwamba kutenga mahali si kazi ngumu. Kazi ngumu ni kuchagua mahali penyewe.

Habari hii ni ya Marekani, hasa nchi ya vilima ya jimbo la Pennsylvania, ambako desturi ya kutenga maficho ina historia ndefu.

Mnyama mwenyewe

Mnyama tunayemtaja ni kulungu wa mkia mweupe. Wasomaji wa Biblia ya Kiswahili wanalijua jina la ayala. Huyu ni wa jamaa ile. Kwa tabia amfanana sana mbawala wetu: mchana hujificha katika kichaka, na jioni hutoka kwenda malishoni. Lakini pembe zake si kama za mbawala. Pembe za mbawala hudumu maisha yake yote. Kulungu dume huota pembe zenye matawi kila mwaka, na zikiisha majira ya kupandana, yaani kuanzia mwisho wa Desemba hivi, huanguka chini. Majira ya kuchipua kwa miti huota tena. Jike wa kulungu huyu kwa kawaida hana pembe.

Akishtuka huinua mkia wake, na weupe ulio chini yake huonekana kama kitambaa kinachopeperushwa. Mwindaji aonaye weupe ule ajua ya kuwa amekwisha chelewa. Kulungu husikia vizuri, huona vizuri kitu kinachotikisika, na juu ya yote hunusa. Harufu ya mtu ikichukuliwa na upepo humfikia kabla mtu hajaonekana. Basi mwenye kuchagua maficho aufikirie upepo kwanza, na miti baadaye.

Jambo jingine la kukumbuka: kulungu hucheua kama ng'ombe. Hula upesi, kisha hutafuta mahali pa salama, hulala chini, akacheua polepole. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mchana huipitisha malaloni. Mwenye ardhi iliyo na chakula tele, bali haina malalo, atawaona kulungu usiku tu. Mchana watakuwa kwa jirani.

Kwa nini kulungu ahitaji maficho

Huko Pennsylvania kuwinda kwa upinde na mshale huanza majira ya majani kupukutika, na siku za kuwinda kwa bunduki huja mwisho wa Novemba na mwanzo wa Desemba. Katika siku hizo watu wengi huingia misituni kwa pamoja. Kulungu si mjinga. Akikutana na mtu mara mbili au tatu mahali pamoja, huacha kupita hapo mchana. Hubadili njia, hutembea usiku, au huhama kabisa akaenda mahali asiposumbuliwa. Akipata mahali hapo katika ardhi yako, atabaki kwako. Asipopata, atapata kwa mwingine.

Kisheria huko Marekani kulungu wa porini si mali ya mwenye shamba. Ni mali ya watu wote, na jimbo ndilo linalomtunza na kutoa vibali vya kuwinda. Mwenye shamba anayo amri juu ya ardhi yake tu: nani aingie, aingie lini, apitie wapi. Hawezi kumfunga kulungu kwa kamba. Aweza tu kumpa sababu ya kukaa. Sababu kubwa kuliko zote ni amani.

Jimbo lenyewe lililijua jambo hili zamani. Mwisho wa karne ya 19 kulungu walikuwa wamekaribia kwisha katika sehemu nyingi za Marekani, kwa sababu ya kuwindwa bila kiasi na kukatwa kwa misitu. Makadirio ya siku zile ni kama nusu milioni au pungufu katika nchi nzima. Mwaka 1905 Pennsylvania ikatunga sheria ya kutenga maficho ya wanyama ndani ya misitu ya serikali, na ya kwanza yalitengwa katika wilaya ya Clinton. Mpaka wake haukuwa ukuta wala boma, bali waya mmoja tu, pamoja na mabango. Waya ule ulimzuia mtu; haukumzuia mnyama. Nje yake, pande zote, watu waliwinda. Wanyama walizaliwa ndani kwa amani, na waliozidi wakatoka nje wakawa riziki ya wawindaji. Kulungu wengine wakaletwa kutoka majimbo kama Michigan, na mwaka 1907 ikakatazwa kuua majike. Kwa njia hizo kulungu wakarudi. Leo huko Marekani wakadiriwa kuwa kama milioni 30.

Mfano wa shamba moja

Sasa tuje kwenye kuchagua. Ili tuelewane, tuchore shamba katika akili zetu. Mwanafunzi aliye na kalamu na achore katika karatasi.

Shamba letu lina eka 160. Ni la mraba, na kila upande wake ni nusu maili, yaani yadi 880. Upande wa mashariki kuna barabara, na karibu na barabara kuna nyumba. Nyuma ya nyumba, kwenda magharibi, kuna mashamba ya mahindi na majani ya mifugo, mahali tambarare. Baada ya hapo nchi yaanza kupanda. Kuna mteremko wenye msitu, unaotazama mashariki, hata kufika juu ya mgongo wa kilima. Mgongo huo wapita toka kaskazini hata kusini. Ng'ambo ya mgongo nchi yateremka tena kwenda magharibi mpaka kwenye mpaka wa jirani. Kaskazini kuna kijito kinachotoka kilimani, chapita kando ya mashamba, na kuvuka chini ya barabara.

Mwenye shamba ana nafasi ya kutenga eka 30, yaani kidogo kupungua sehemu moja ya tano. Mahali patatu pamemjia akilini.

Mahali pa kwanza ni bonde la kijito, kaskazini mashariki, karibu na barabara. Hapo vichaka vimesongamana hata mtu hawezi kupenya bila kukwaruzwa. Maji yapo, na chakula ki karibu. Mtu akitazama leo, atasema: "Hapa ndipo penye maficho."

Mahali pa pili ni mteremko wa magharibi, nyuma ya mgongo, ambao ni mbali kabisa na nyumba. Atasema: "Huku hakuna mtu anayefika."

Mahali pa tatu ni sehemu ya juu ya mteremko wa mashariki, katikati ya shamba. Hapo kuna miti mikubwa ya zamani yenye kivuli kizito; chini yake hakuna kitu ila majani makavu. Mtu akisimama hapo aona mbali kati ya mashina ya miti. Atasema: "Hapa hata sungura hajifichi."

Watu wengi wangechagua mahali pa kwanza, na baadhi yao pa pili. Na tupapime patatu pote, mmoja mmoja.

Bonde la kijito

Kichaka cha bondeni ni kizuri kweli. Lakini kiko karibu na barabara na nyumba. Mbwa hubweka, magari hupita, milango hugongwa. Kulungu aweza kuzoea sauti za kila siku zinazotoka mahali pamoja. Asiloweza kulizoea ni mtu anayemkaribia. Na hapo ndipo penye dosari: kila mara mwenye shamba akitaka kwenda kilimani, hana budi kupita karibu na kichaka kile. Asubuhi kabla ya mapambazuko atawashtua wanaorudi. Jioni atawashtua wanaotoka. Maficho yaliyo mlangoni hayana faida, kwa kuwa mwenyewe atayavunja kila siku bila kukusudia.

Tena, hewa ya bondeni haina msimamo. Jioni hewa hupoa, ikawa nzito, ikateremka toka kilimani hata bondeni kama maji. Basi mtu yeyote aliye juu jioni, harufu yake yateremka na kulifikia bonde. Na kulungu akitoka kichakani kwa hofu, hatua chache tu zamfikisha barabarani kwenye magari.

Sisemi kwamba bonde halifai popote. Katika nchi tambarare yenye vinamasi, kisiwa kikavu katikati ya kinamasi ni malalo mazuri mno. Nasema katika shamba hili bonde lina kichaka chema mahali pabaya.

Mteremko wa magharibi

Mahali pa pili pako mbali na nyumba, hiyo ni sifa. Walakini pana makosa matatu.

Kosa la kwanza ni mpaka. Maficho yanayogusa ardhi ya jirani ni nusu maficho. Jirani ana haki ya kuketi kwenye mpaka wake na kungoja. Kulungu anayetoka upande ule atakutana na bunduki mara moja, na yule anayesikia mlio wa bunduki kila siku malaloni hatakaa. Jirani hakukosa, aliyekosa ni yule aliyeyaweka maficho mlangoni pa mwingine.

Kosa la pili ni upepo. Katika Pennsylvania pepo zivumazo sana zatoka magharibi na kaskazini magharibi. Mteremko wa magharibi ndio upande wa joshini, kama wasemavyo mabaharia: upepo waupiga usoni. Wakati wa baridi kali kulungu hukimbia mahali kama hapo, maana joto la mwili wake ni akiba ya chakula alichokula, naye hapendi kuipoteza bure.

Kosa la tatu ni jua. Majira ya baridi jua huko huwa chini, upande wa kusini. Miteremko inayotazama kusini na kusini mashariki hupata jua mapema na theluji yake huyeyuka mbele ya nyingine. Mteremko wa magharibi na kaskazini hukaa kivulini asubuhi nzima.

Sehemu ya juu ya mteremko wa mashariki

Sasa tutazame mahali pa tatu, palipodharauliwa. Pako katikati, wala hapagusi mpaka wowote. Pako demani, yaani upande uliokingika na upepo. Asubuhi hupata jua. Na kulungu huyapenda sana malalo ya namna hii: hulala karibu na theluthi ya juu ya mteremko, mgongo wake ukielekea kileleni, uso wake ukielekea bondeni. Upepo uvukao mgongo wa kilima humletea harufu ya kila kitu kilicho nyuma yake, asichoweza kukiona; macho yake humwonyesha kila kitu kilicho mbele, asichoweza kukinusa. Na jua likipanda, hewa ya bondeni hupata moto, ikapanda juu, ikamletea na harufu ya chini. Analindwa pande zote.

Kulungu akitoka hapo jioni, ateremka moja kwa moja kwenda mashambani kula. Njia yake yote imo ndani ya shamba lile lile. Mwindaji akiwa na dungu lake, yaani ulingo wa kukalia juu ya mti, mahali fulani kati ya msitu na shamba, atamwona mchana ungalipo.

Dosari ya mahali hapo ni moja tu: hakuna kichaka. Nanyi wasikilizaji, shikeni hapa neno kuu la maongezi ya leo. Kichaka chaweza kutengenezwa; mahali hapawezi kuhamishwa. Mtu mwenye msumeno na subira aweza kufanya kichaka kwa miaka michache. Hakuna mtu awezaye kusogeza kilima, kugeuza upepo, wala kuondoa mpaka wa jirani. Kwa hiyo chagua mahali kwanza, kichaka baadaye.

Umbo la maficho

Eka 30 zaweza kupimwa kwa namna nyingi. Zikiwa mraba, kila upande ni kama yadi 380, na mzunguko wake wote ni kama yadi 1,520. Zikiwa ukanda mrefu unaopita shamba zima toka kaskazini hata kusini, urefu ni yadi 880 na upana yadi 165. Mzunguko wake ni yadi 2,090. Eneo ni lile lile, bali tazama tofauti. Katika mraba, kulungu aliyelala katikati yuko yadi 190 kutoka ukingoni. Katika ukanda, yuko yadi 82 tu. Tena ukanda wagusa mipaka ya majirani kwa ncha zake zote mbili. Basi, nchi ikiruhusu, umbo la mviringo au mraba lafaa kuliko ukanda mwembamba.

Alama za mpaka ziwe wazi: rangi kwenye miti, au mabango. Kulungu hazihitaji, lakini watu wanazihitaji, na mwenye shamba mwenyewe kuliko wote. Siku ambayo hajapata nyama, moyo humwambia: "Ingia kidogo tu, utazame." Ni katika siku kama hiyo alama zile hufanya kazi yake. Wahenga walisema, akiba haiozi.

Kutengeneza kichaka

Katika msitu wa miti mikubwa, jua halifiki chini. Penye giza hapaoti kitu. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kulifungulia jua mlango. Mwenye shamba hukata baadhi ya miti mwisho wa majira ya baridi, yapata Februari na Machi, majira ya kuwinda yakiwa yamekwisha na watoto wa kulungu hawajazaliwa bado. Majike huzaa mwisho wa Mei na Juni, mara nyingi mapacha, na wakati huo haifai kuwasumbua.

Miti haikatwi yote. Miale­ni huachwa, kwa maana njugu zake ni chakula kikubwa cha kulungu katika majira ya majani kupukutika. Miti ya namna ya hemloki, ambayo haipukutishi majani, huachwa pia. Matawi yake huzuia theluji na upepo. Inayokatwa ni ile inayoziba jua pasipo faida kubwa. Nyingine hukatwa kabisa, na shina lake huchipua upya. Mingine, iliyo midogo, hukatwa nusu tu na kulazwa. Sehemu ya gome iliyobaki huulisha mti, nao huendelea kuishi ukiwa umelala. Matawi yake, ambayo jana yalikuwa juu, leo ni chakula na kifuniko. Walakini kazi hii ni ya hatari. Mti ulio na mkazo waweza kupasuka na kumpiga mkataji usoni. Asiyeifahamu amtafute aifahamuye.

Mkataji aache nafasi ndogo tambarare hapa na pale ndani ya miti iliyolala, maana kulungu hapendi kulala juu ya fimbo na magogo. Aache pia njia zaidi ya moja ya kutokea. Kulungu hakai mahali penye mlango mmoja.

Ipo njia rahisi ya kupima kama kichaka kimetosha. Chuchumaa chini, macho yako yawe kimo cha macho ya kulungu, ukatazame. Mtu akisimama huona kichaka kizito cha matawi ya juu na kudhani kazi imekwisha, kumbe chini ni peupe. Ukichuchumaa ukaweza kuona wazi mbele yako yadi 50, kazi bado.

Kufika bila kujulikana

Maficho yakiisha kuchaguliwa, hapana budi kuchagua njia za mwindaji. Katika shamba letu mwindaji atoka nyumbani, mashariki, na upepo watoka magharibi. Basi harufu yake yaenda nyuma yake, mbali na maficho. Hiyo ni bahati njema iliyotokana na kuchagua vema. Lakini kulungu aliye juu aweza kumwona. Kwa hiyo mwindaji apite ndani ya korongo la kijito, au apande safu ya miti au majani marefu ya kumkinga.

Jioni ndiyo saa yake nzuri, kwa kuwa hewa yateremka na harufu yake haipandi kwa walalao. Asubuhi ni kinyume: jua likiisha kupanda, hewa hupanda nayo, na mtu aketiye chini ya maficho hujitangaza mwenyewe. Na siku upepo ugeukapo ukavuma toka mashariki, mwenye busara hubaki nyumbani akakarabati vyombo vyake. Mwenye pupa hadiriki kula tamu.

Kuingia ndani kwaruhusiwa kwa sababu moja: kumfuata mnyama aliyejeruhiwa. Kumwacha ateseke si haki. Vinginevyo, mwenye shamba angoje hadi baada ya majira ya kuwinda. Hapo aingie mara moja, theluji ingalipo, ahesabu malalo. Kila lalo ni alama ya yai katika theluji au majani, ya urefu wa kama yadi moja. Aandike yalipo, yanaelekea wapi, njia zinatokea wapi. Siku hiyo moja itamfundisha kuliko siku kumi za kubahatisha, na ndiyo itakayomwonyesha kama alichagua sawasawa.

Onyo

Nimeyasifu maficho. Sasa nitoe onyo, kwa sababu kitu chema kikizidi huwa kibaya.

Mwaka 1928 kulungu sita, madume wawili na majike wanne, waliwekwa katika hifadhi yenye boma huko Michigan, mahali pa kama maili mbili za mraba. Mwisho wa mwaka 1933 walipohesabiwa walipatikana kama 160. Ndivyo wanavyoongezeka wakiwa na chakula na amani. Na Pennsylvania, baada ya kuwalinda majike kwa miaka mingi, iliona kulungu wamezidi chakula. Walikula kila chipukizi hata kimo walichoweza kufikia. Miti michanga ikakoma kuota, na majira ya baridi wanyama wakafa kwa njaa. Katika miaka ya 1920 jimbo likalazimika kuruhusu tena kuwinda majike, na wawindaji wengi walilipinga jambo hilo kwa uchungu, wakidhani ni kuangamiza kile walichokihifadhi.

Basi maficho si zizi la kulimbikiza kulungu. Ni nusu moja ya kazi. Nusu ya pili ni kuwinda kwa kiasi nje yake, majike pamoja na madume, kwa kadiri sheria inavyoruhusu. Mwenye shamba akiona chipukizi alizozitarajia baada ya kukata miti zimeliwa zote, ajue ya kuwa wanyama wamezidi. Akiacha, kichaka alichokitengeneza hakitaota, na maficho yatarudi kuwa miti mikubwa na majani makavu.

Tena asimwage lundo la nafaka ndani ya maficho kwa kudhani anawasaidia. Wanyama wengi wakila mahali pamoja, mate kwa mate, huambukizana. Uko ugonjwa wa kulungu wa kukonda hata kufa, usio na dawa wala chanjo, ulioonekana kwanza huko Colorado mwaka 1967, na Pennsylvania ukaonekana mwaka 2012. Chakula kinachoota hapa na pale, mnyama akakila akitembea, ni salama kuliko lundo.

Kwa kifupi, basi, mwenye kuchagua maficho ajiulize maswali haya kwa taratibu yake. Upepo watoka wapi? Mpaka wa jirani uko wapi? Mimi mwenyewe nitapita wapi? Jua la majira ya baridi lapiga wapi? Kulungu akitoka, atatokea upande gani kwenda kula? Akiisha kuyajibu hayo matano, ndipo aulize la sita: kichaka kipo, au nitakitengeneza? Wengi huanza na la sita, na ndiyo sababu hujenga maficho mazuri ambayo hakuna mnyama alalaye ndani yake.

Na jioni moja ya Novemba, mwenye shamba aketipo katika dungu lake akamwona kulungu akiteremka kutoka mahali ambapo yeye hajatia mguu tangu majira ya joto, ataelewa kwamba eka zile 30 hazikupotea. Zilikuwa zikimfanyia kazi wakati yeye mwenyewe amekaa mbali nazo.